Kicheko katika begi la mmisionari kijana: niliyojifunza kwa Don Bosco na kwa vijana wangu wa vigangoni

#1 Mlezi_wa_Vigango

Tumsifu Yesu Kristo, wanajukwaa. Na ndugu wa madhehebu mengine, Bwana asifiwe. Karibuni, jambo hili ni letu sote.

Kwa miaka tisa nimekuwa nikiwaandaa vijana wanaojitolea mwaka mzima kwenda kuishi kwenye vigango vya mbali, yaani vituo vidogo vya parokia visivyo na padre wa kudumu. Wanamsaidia katekista, wanafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, wanatembelea wagonjwa, wanaongoza ibada Jumapili ambayo padre hafiki, wanaanzisha Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto, pale ambapo haujawahi kuwepo. Wengi wana miaka 19 hadi 24. Siku ya kuagwa parokiani ni shangwe tupu: kwaya inaimba, mama zao wanalia, Baba Paroko anawabariki. Halafu unakuja mwezi wa tatu.

Aliyewahi kulea vijana wa misheni anaujua mwezi wa tatu. Ugeni umekwisha. Mvua imekata barabara. Watoto wa mafundisho waliokuwa arobaini wamebaki kumi na mmoja kwa sababu ni wakati wa palizi. Mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Kijana anaanza kuchelewa kuamka, anajibu kwa neno moja, anasali kama anayesoma bei za dukani.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nawapelekea hotuba. Napanda pikipiki kwa saa tatu, nafika, nawakalisha chini, nawaeleza thamani ya wito na sadaka ya mashahidi. Wananisikiliza kwa heshima. Nikirudi mwezi unaofuata nawakuta vilevile, au mmoja ameshaondoka. Kilichowainua mara nyingi kuliko kingine chochote ni kucheka pamoja, na ndiyo maana nimefungua uzi huu. Walezi wengi bado tunakiona kicheko kama chumvi ya pembeni. Mimi naamini ni chakula chenyewe.

Kuna mtu ambaye wengi tunamjua kwa sanamu na picha za ukutani tu. Yohane Bosco, yule padre mlezi wa vijana tunayemwita Don Bosco ("Don" ni kama "Padre" kwa Kiitaliano), alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kitongoji cha Castelnuovo, kaskazini mwa Italia. Baba yake alifariki yeye hajafikisha miaka miwili. Mama yake, Margherita, mkulima asiyejua kusoma, akabaki na watoto na jembe. Yule mtoto, akiwa na miaka kama kumi, alijifunza viinimacho na sarakasi kwa kuwatazama wasanii wa magulioni. Jumapili alifunga kamba kutoka mti mmoja hadi mwingine, majirani wakakusanyika. Kiingilio kilikuwa rozari. Walisali kwanza, wakaimba, kisha akawasimulia mahubiri aliyoyasikia kanisani asubuhi ile. Asiyetaka kusali, hakuna mchezo. Baada ya hapo ndipo alipopanda kambani.

Zamani nilidhani hiyo ilikuwa mbinu ya kuwanasa watu. Nimebadili mawazo. Mtoto yule alikuwa anaifanyia mazoezi kamba ile wiki nzima, anaanguka, anachubuka, kwa ajili ya majirani zake waliochoka na shamba. Watu walijua kwamba anawapenda, ndiyo maana walisali naye.

Mwaka 1832, akiwa mwanafunzi mjini Chieri, yeye na wenzake walianzisha Chama cha Furaha. Kila mwanachama alitakiwa kuleta kitabu, mazungumzo au mchezo wa kuwachangamsha wengine. Kilichokatazwa ni kile kinacholeta huzuni, hasa kisichopatana na amri za Mungu. Na kila mmoja atimize wajibu wake wa shule na wa dini. Angalieni walivyofunga vitu hivyo kwenye fungu moja: uchangamfu na wajibu, bila kimoja kuwa fidia ya kingine.

Tarehe 11 Novemba 1875, mjini Torino, Don Bosco aliwaaga wamisionari wake kumi wa kwanza. Walipanda meli Genova tarehe 14, wakafika Buenos Aires tarehe 14 Desemba. Kiongozi wao, Giovanni Cagliero, alikuwa na miaka 37, mwanamuziki, mtoto wa Castelnuovo ileile, aliyekulia kwenye uwanja wa michezo wa Don Bosco tangu akiwa na miaka 13. Don Bosco aliwapa mawaidha ishirini aliyokuwa ameyaandika kwa penseli. La kwanza: tafuteni roho za watu, si fedha wala heshima wala vyeo. Humo humo akawaambia watunze afya na wafanye kazi kadiri ya nguvu zao. Uchangamfu wenyewe hakungoja kuwafundisha bandarini. Walikuwa wameshaunywa miaka mingi, mpira ukipita katikati ya miguu yao.

Ninachofanya mimi ni kidogo. Kila kituo kina kipindi cha dakika kumi baada ya chakula cha jioni, tunakiita "Leo nani kateleza?" Kila mmoja anasimulia alipoteleza siku hiyo, kwa neno, kwa mguu au kwa kusahau, na kiongozi ndiye anayeanza. Siku moja tulikuwa na frateri mgeni, mwanafunzi wa upadre, aliyekuwa anajifunza Kiswahili. Asubuhi alikuwa amesimama mbele ya wazee akatangaza kwa sauti kuu, "Mimi ndimi njaa, na kweli, na uzima." Bibi mmoja alimfuata nje ya kanisa akamshika mkono: "Mwanangu, njaa tunayo ya kutosha. Tuletee njia." Alipotusimulia jioni tulicheka hadi taa ikazimika. Kisha yeye mwenyewe akanyamaza, akasema, "Lakini yule bibi hajala." Kesho yake asubuhi vijana wangu walikwenda kumpalilia shamba bila mtu kuwatuma.

Karibuni tujadili. Ninyi mnawainuaje vijana wenu?

#2 Mngoni_wa_Songea

Milele amina, Mlezi. Umetupeleka hadi Italia, nami nakurudisha nyumbani.

Sisi Wangoni na Wahehe, babu zetu waliuana vitani karne ya 19. Leo ni watani. Mhehe akija msibani kwetu anaweza kuingia kaburini lililo wazi akagoma kutoka mpaka alipwe. Anaweza kuvaa nguo za marehemu akatembea kama yeye, akaiga hata kikohozi chake. Wafiwa waliokuwa hawajala tangu jana wanacheka, machozi bado yako usoni. Baada ya hapo wanakula uji. Baada ya hapo wanaweza kuzika.

Walezi wengi wanasahau kwamba utani una masharti. Huwezi kumtania yeyote umtakaye, lazima uhusiano uwepo na ujulikane na watu wote. Na la pili ndilo kubwa: mtani ni mtu wa kazi. Huyo anayechekesha ndiye aliyechimba kaburi, ndiye aliyechanja kuni, ndiye atakayelala kwenye turubai na wafiwa. Mtu aliyekuja kuchekesha kisha akaondoka kabla ya mazishi, kwetu huyo hatumwiti mtani. Hana jina.

Ukimpelekea kijana wa misheni mzaha, jiulize kama umechimba naye kaburi.

#3 Mama_Tekla

Mngoni, hayo maneno ya mwisho nimemsomea mume wangu, naye ni katekista mwaka wa 22 sasa. Akasema, "Huyo anajua."

Wasaidizi vijana wanaokuja kigangoni kwetu hulala kwangu. Wiki ya kwanza siwachekeshi. Nawalisha. Kijana mwenye njaa na chawa wa kuku mwilini hachekeshwi na mtu.

#4 Dada_wa_Ngara

Samahani, mimi naleta sauti tofauti, na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Mdogo wangu wa kiume aliingia nyumba moja ya malezi ya kimisionari akiwa na miaka 20. Nyumba yenyewe sitaitaja. Ana kigugumizi tangu utotoni. Mlezi wake alikuwa mtu wa mizaha sana, kila mtu alimsifia kwa ucheshi. Mezani alikuwa anamwambia mdogo wangu aongoze sala ya chakula, kisha anawaambia wengine, "Kaeni mkao wa kula, supu itapoa." Wote wanacheka. Mdogo wangu naye anacheka. Barua alizotuandikia zilikuwa na maneno "tunacheka sana huku, Dada." Mwezi wa nane akarudi nyumbani na begi. Hakusema kitu. Alikuja kunieleza miaka miwili baadaye, usiku, tukiwa tunamuuguza baba.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Na Mithali 26:18-19 inamfananisha anayemdhuru mwenzake kisha akasema "nilikuwa natania tu" na mwenda wazimu anayerusha mienge ya moto na mishale. Maandiko hayakusema anafanana na mtu mchangamfu aliyepitiliza kidogo. Mwenda wazimu mwenye moto mkononi.

Kwa hiyo mnaposema kicheko kinawainua vijana, mimi nataka kujua ni nani anayechekwa.

#5 Mlezi_wa_Vigango

Dada wa Ngara, pole sana wewe na mdogo wako. Asante kwa kuleta hili. Nimekaa na ujumbe wako tangu jana.

Nami nina langu la kukiri. Mwaka wangu wa pili wa ulezi, kijana mmoja alilia kwa kukumbuka nyumbani, akalia mbele ya wenzake. Nikadhani nikiligeuza kuwa mchezo nitampunguzia aibu. Kwa wiki nzima kila akiingia nilikuwa nauliza, "Leo mvua itanyesha?" Alikuwa anatabasamu. Siku ya nane nikamkuta stendi alfajiri. Nilimwomba msamaha palepale na hakurudi, na alikuwa na haki ya kutorudi. Nikalijua siku ile kosa langu: nilichukua kitu alichokuwa amekishika peke yake gizani nikakifanya cha watu wote. Yeye hakunipa.

Ndiyo maana katika "Leo nani kateleza?" kuna sheria moja tusiyoivunja. Kila mtu anasimulia la kwake. Huruhusiwi kusimulia kuteleza kwa mwenzako hata kama ulikuwepo, hata kama ni kichekesho cha mwaka. Mtu akitaka kukaa kimya, anakaa kimya, na zamu inapita bila maneno.

Don Bosco tarehe 10 Mei 1884, akiwa Roma, aliandika barua nzito kwenda Valdocco, kwenye nyumba yake ya Torino. Malalamiko yake makubwa yalikuwa kwamba walezi hawaonekani tena uwanjani wakati wa mapumziko. Wanatembea wenyewe kwa wenyewe pembeni, wanawaangalia vijana kwa mbali. Akasema haitoshi vijana kupendwa, ni lazima wao wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Mtu mwenye miaka karibu 69, mgonjwa, shirika lake limeshavuka bahari, anaandika barua kuhusu walezi kutocheza na watoto! Alikuwa anajua kwamba mlezi aliyeondoka uwanjani hana tena haki ya kumtania kijana. Kinachobaki mdomoni mwake ni kejeli, hata kama maneno ni yaleyale.

Mngoni amelisema vizuri kuliko mimi: kaburi kwanza.

#6 Mtumishi2014

Habari zenu. Mimi si Mkatoliki. Nilitumikia misheni ya miaka miwili Uganda kwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kwetu vijana wa kiume wanaweza kwenda tangu wakiwa na miaka 18, dada zetu kwa miezi 18, nao sasa tangu miaka 18 (hadi 2025 ilikuwa 19). Tunatembea wawili wawili, huachani na mwenzako. Wakati wangu simu ya nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama. Utaratibu wa kuongea na familia kila wiki ulikuja Februari 2019, mimi nimeshamaliza.

Mwenzangu wa kwanza alikuwa na mchezo wake. Kila nyumba iliyotukataa tulihesabu, na ikifika ya kumi tunakwenda kula rolex, chapati na mayai, pale kwa kijana wa kona. Ikawa tukikataliwa nyumba ya tisa tunaangaliana tu, moyo unapiga kwa hamu. Siku moja nyumba ya kumi ilitukaribisha ndani. Mwenye nyumba alishangaa kuona sura zetu, ikabidi tumweleze ukweli. Alicheka sana, akatupikia yeye mwenyewe. Urafiki huo upo mpaka leo.

Lakini nataka kuongeza jambo upande wa Dada wa Ngara. Gordon Hinckley, aliyekuja kuwa Rais wa kanisa letu kuanzia 1995 hadi 2008, alijulikana duniani kwa uchangamfu na maneno yake ya kuchekesha. Alipokuwa mmisionari kijana mwaka 1933 huko Preston, Uingereza, alikuwa mgonjwa na amekata tamaa. Akamwandikia baba yake kwamba anapoteza muda wake na pesa za baba. Baba akamjibu kwa maneno machache sana: jisahau, nenda kafanye kazi. Hakukuwa na utani wowote ndani yake. Kijana alipiga magoti, akaanza upya.

Baba yule alimjua mwanawe. Alijua siku hiyo anahitaji neno kavu. Walezi wanaochekesha kila saa wamepoteza hiyo nafasi, kwa sababu hata wakisema neno zito kijana anasubiri sehemu ya kucheka.

#7 Mwana_Katanga

Jambo kwenu bote. Mimi niko Lubumbashi, mutanisamehe Kiswahili chetu cha huku.

Wasalesiani, watoto wa huyo Don Bosco, walifika kwetu mwaka 1911, mji ukiitwa Elisabethville. Babu yangu alisoma kwao ufundi wa mbao. Alichokumbuka uzeeni si mahubiri. Alikumbuka padre mwenye ndevu akikimbia na kanzu ameishika mkononi, mpira mbele, watoto nyuma. Babu alikuwa anasema, "Tulimwona mtu mukubwa anachoka kwa ajili yetu."

Sasa tunapokea vijana wa misheni kutoka Tanzania, na huwa kuna mambo ya lugha. Sisi tunasema "kulomba", wao "kuomba". Sisi "kuya", wao "kuja". Wa kwanza aliyekuja alikuwa anatusahihisha. Watoto wakanyamaza wote, mafundisho yakawa kama makaburini. Wa pili alifika na daftari. Kila neno la kwetu aliloligundua aliliandika, akawaomba watoto wamfundishe, akikosea wanaanguka chini kwa kicheko. Baada ya miezi miwili alikuwa na watoto tisini. Wa kwanza hakuwa kijana mubaya. Alikuja kufundisha tu, hakukuja kufundishwa.

#8 Sista_Mstaafu

Wanangu, nimewasoma wote. Nimekuwa mlezi wa wanovisi, wasichana wanaoanza malezi ya utawa, miaka 17, na sasa nachunga bustani na kuku wa nyumba yetu.

Domenico Savio aliingia kwa Don Bosco mwaka 1854 akiwa na miaka 12. Alisikia mahubiri kuhusu utakatifu, yakamwingia sana, akaanza kujitenga na kutembea na uso mzito. Don Bosco akamzuia. Akamwambia awe mchangamfu, atimize wajibu wake, acheze na wenzake. Ndipo baadaye kijana huyo alipomweleza mwenzake mgeni kwamba hapa utakatifu tunaufanya kwa kuwa na furaha sana. Alikufa Machi 1857 hajatimiza miaka 15. Mimi nililiona hilo kwa wasichana wangu: anayeingia kwa bidii kubwa ndiye anayekunja uso mapema, anadhani Mungu anataka hivyo. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika mwaka 2013 kwamba mwinjilishaji asiwe na sura ya mtu aliyetoka mazishini sasa hivi. Nililibandika jikoni kwa sababu jikoni ndiko tunakogombana.

Naomba mtofautishe wavulana na wasichana. Msichana wa misheni huchekwa kijijini bila kuomba: mavazi yake, umri wake, kwa nini haolewi. Akirudi nyumbani jioni amekwishabeba mizaha ya watu thelathini. Mlezi akimwongezea wa thelathini na moja, hata kama ni mwema, hajui anaweka juu ya nini. Mimi nilikuwa nawaacha wanichekeshe wao. Nawapa maigizo, waigize safari yao ya siku, na mimi niwe mtazamaji. Mwenye kupanga kichekesho anakuwa na nguvu juu ya kile kilichomuumiza.

Halafu kuna kisa cha gari la farasi ambacho nilikuwa nawasimulia kila mwaka. Don Bosco alipokuwa hana pa kukaa na watoto wake, akiongea habari za makanisa na karakana na viwanja kana kwamba vimeshajengwa, mapadre wawili walidhani amerukwa na akili. Wakaja na gari kumchukua kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili, wakamwambia twende tukapunge hewa. Akawaambia kwa adabu, tangulieni kupanda. Walipoingia akafunga mlango, akamwamuru dereva aende haraka hospitalini, kuna wawili wanasubiriwa. Wanovisi wangu walicheka kila mara. Nikawa nawauliza: mnadhani usiku ule alilala? Watoto mia kadhaa hawana pa kwenda, mapadre wenzake wanamwona mwendawazimu. Kicheko kile kilitoka kwa mtu aliyekuwa kwenye dhiki. Hapo walikuwa wananyamaza, na wengine wakaanza kuniambia ya kwao.

#9 Frateri_wa_Mwaka

Shikamoo Sista, shikamooni wakubwa wote. Niko kwenye mwaka wa kichungaji, ule wa mazoezi ya kazi nje ya seminari, nimepewa vijana sita wa kujitolea katika kigango cha mbali. Nimesoma uzi wote usiku nikiwa juu ya kichuguu, maana hata kwetu mtandao ni hukohuko.

Nina kijana mmoja ana wiki mbili haongei. Anafanya kazi zote anazopangiwa. Anafua, anasali, anafundisha. Ila jioni anakaa pembeni, hacheki wenzake wakicheka. Nimejaribu kumtania mara mbili, akatabasamu kama anayelipa deni. Baada ya kusoma alichoandika Dada wa Ngara nimeogopa. Nifanyeje?

#10 Mlezi_wa_Vigango

Frateri, acha kabisa kumtania. Tabasamu la kulipa deni nalijua, ndilo nililoliona kwa yule wangu wa stendi.

Maji mnachota wapi na nani anachota? Jipange naye zamu ya maji, kila siku, wewe na yeye tu. Usimuulize "una tatizo gani" siku ya kwanza wala ya pili. Beba ndoo. Njiani ongea mambo ya njiani. Mkiwa mnatazama mbele wote wawili ni rahisi kuongea kuliko mkikaa mezani mnatazamana. Kicheko kikija, kije chenyewe. Kisipokuja, maji yatakuwa yamefika nyumbani.

Na umtafutie kitu anachokijua kuliko wewe. Kila kijana anacho kimoja. Mwombe akufundishe.

#11 Dada_wa_Ngara

Frateri, mimi naongeza: mwulize kama nyumbani kwao ni wazima. Mdogo wangu angeulizwa hilo mara moja tu na mtu aliyetaka kweli kusikia jibu, nadhani angekaa.

Na Mlezi, nimesoma jibu lako. Nimemtumia mdogo wangu. Amesema nikushukuru kwa ile sheria ya kila mtu kusimulia la kwake.

#12 Mngoni_wa_Songea

Tunasubiri mrejesho, Frateri. Usituache njiani.

#13 Frateri_wa_Mwaka

Nimerudi, wakubwa. Wiki tatu zimepita, mniwie radhi, mvua ilikuwa kubwa.

Tulianza zamu ya maji Jumatatu. Mto uko kama dakika arobaini kwa miguu, tunakwenda na baiskeli moja ya kigango na madumu mawili. Siku nne hakuna la maana tulilozungumza: matope, nyani, bei ya mahindi. Siku ya tano tulikuwa tunasukuma kupanda kilima, mimi mbele nimeshika usukani, yeye nyuma. Mpira uliofunga madumu ukakatika. Dumu moja likashuka kilima chote likidunda, likampita mzee mmoja na mbuzi wake, mbuzi wakatawanyika, na mzee bila kugeuka akasema, "Karibu, mgeni." Tuliangaliana. Kijana alianza yeye. Alicheka akakaa chini kwenye matope, nami nikakaa. Hatukuweza kusimama.

Alipomaliza kucheka alikuwa analia. Mama yake alifanyiwa upasuaji wiki tatu zilizopita na yeye hajapata kuongea naye, kwa sababu kila akipanda kichuguuni kuna wenzake na aliona aibu kulia mbele yao. Nilimpeleka usiku uleule, wengine nikawaambia wabaki. Mama anaendelea vizuri. Nilikaa chini ya kichuguu nikasikia akimsimulia habari za lile dumu, na sauti ya mama ikicheka kwenye simu.

Kitu anachokijua kuliko mimi nimekipata pia. Anatengeneza mipira ya makaratasi na kamba ambayo haifumuki. Amewafundisha watoto wa mafundisho, sasa tuna timu mbili za chandimu, na watoto wamefika 34. Wanasali kwanza, kisha wanacheza. Hilo aliliamua mwenyewe, sikuwa nimemsimulia habari za Becchi.

Jana jioni tulikuwa tumemaliza kula, mimi nimechoka, nimesahau hata kipindi. Yeye ndiye aliyesogeza taa katikati akauliza, "Leo nani kateleza?"